Mwalimu Nyerere na Swali la Samweli



Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia, wako jirani zetu Wakatoliki wanaofunga safari kwenda Namugongo, Uganda. Mahali pale si pageni kwetu, maana moto uliowashwa mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga haukubagua Mkatoliki wala Mwanglikana. Lakini kwa miaka ya karibuni mahujaji kutoka Tanzania wamekuwa na nia nyingine ya sala, nayo huombwa hasa tarehe 1 Juni: kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere atangazwe Mwenye Heri. Shauri lake lilianzishwa na Jimbo Katoliki la Musoma, Roma ikaruhusu mwaka 2005, na sasa wenzetu humwita Mtumishi wa Mungu.

Basi tumeulizwa na waumini wetu, wala si mara moja: Je, mwanasiasa aweza kuwa mtakatifu? Na aliyeuliza mara ya mwisho, akiwa amesimama mlangoni pa kanisa baada ya ibada, aliongeza neno lililotunyamazisha kidogo: "Na wale waliobomolewa nyumba, nao wataulizwa?"

Sisi Waanglikana hatuna baraza la kutangaza watakatifu kwa namna ile. Tunayo kalenda ya kuwakumbuka watumishi wa Mungu, basi. Tungeweza kusema kwamba jambo hili ni la nyumba ya jirani. Twaona si sawa kusema hivyo. Nyerere alikuwa Rais wetu sote, na kila miaka mitano tunaitwa kupiga kura na kupima watu. Na kipimo wanachokitumia Wakatoliki kina mambo ambayo sisi tumezoea kuyaruka.

Kwanza yafaa kujua wanachokitafuta. Shauri lile halikusudii kuamua kama siasa ya Ujamaa ilikuwa nzuri au mbaya. Linauliza kama mtu yule aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa: imani, matumaini na mapendo, pamoja na zile nne za zamani, yaani busara, haki, nguvu ya moyo na kiasi.

Wengi wakisikia hayo hupumua. Husema, kumbe ni habari ya moyo wake tu, siasa tuiache kando. Na moyo wa Mwalimu unajulikana. Alibatizwa mwaka 1943 akiwa kijana, na alidumu katika Misa hata alipokuwa Ikulu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba, naye mwenyewe akaishi hivyo. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza, lakini siku ile ile akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari yake, jambo ambalo Afrika ya siku zile haikulizoea. Kwenye fadhila ya kiasi hatudhani kwamba shahidi wa upinzani atapata la kusema.

Lakini itazameni tena orodha ile. Busara imo ndani yake. Kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, yule mwalimu mkuu wa Wakatoliki aliyekufa mwaka 1274, busara si werevu wa kuzaliwa ambao mwingine anao na mwingine hana. Ni fadhila, na mtu anapoikosa kwa uzembe au kwa haraka ana la kujibu. Tena alifundisha kwamba mtawala anayo busara yake ya pekee, kwa sababu analiongoza kundi zima. Na kwamba sehemu mojawapo ya busara ni kukubali kufundishwa na wengine. Basi, mlango tuliodhani umefungwa uko wazi, na kazi yote ya serikali yaingia kwa mlango huo. Hatuwezi kusema "alikuwa mtu mwema, ila siasa yake iliwaumiza watu" kana kwamba tunazungumza habari za watu wawili.

Watu wa milima yetu walilijua hili kabla Tanganyika haijapata uhuru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unachukuliwa na maji, nayo ikaamuru wananchi wakate matuta ya ngazi katika mashamba ya mteremko. Nia haikuwa mbaya. Mmomonyoko ulikuwako kweli, na mpaka leo upo. Lakini udongo wenye rutuba milimani ni mwembamba, na jembe lilipokata ngazi lilifukia ule mzuri na kuutoa juu ule usiozaa. Wakulima walisema, hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukaachwa. Hakuna Mluguru aliyewapa maofisa wale sifa ya busara kwa sababu nia yao ilikuwa kuhifadhi udongo. TANU, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, na Nyerere akiwa rais wake, ilipata sikio jepesi milimani kwa ajili ya mambo kama hayo.

Twayataja haya kwa sababu miaka michache baadaye yeye mwenyewe alikuwa mwenye kutoa amri. Na hapa hatumpimi kwa kipimo cha kigeni, bali kwa maneno yake. Alipoandika juu ya Ujamaa Vijijini mwaka 1967, na tena mwaka uliofuata alipoandika juu ya uhuru na maendeleo, alisisitiza kwamba mtu hawezi kuendelezwa na mwingine, na kwamba vijiji vya ujamaa ni vya kuingia kwa hiari. Kisha mwezi wa Novemba 1973 akatangaza kwamba kukaa vijijini sasa ni amri, na kazi ile imalizike kabla mwaka 1976 haujaisha. Mamilioni ya watu walihamishwa au kuandikishwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Wengine walihama kwa furaha, wakapata shule, zahanati na maji. Wengine waliezuliwa nyumba ili wasirudi.

Mtaani kwetu yupo mama mzee aliyekulia tambarare, upande wa Kilosa. Ukutani kwake iko picha ya Mwalimu, ile ya zamani. Tulipomtembelea tulimwuliza habari ya siku zile. Alisema, "Nyumba yetu ilibomolewa mahindi yakiwa bado shambani, wanangu. Tulilala chini ya mwembe, na mdogo wangu akashikwa na homa." Hakutaja nani alibomoa, alisema "waliokuja", basi. Tukamwuliza kuhusu picha. Akajibu, "Hiyo niliinunua mwenyewe."

Tumelifikiri jibu hilo mara nyingi. Hatutaki kulitumia kufunga mjadala, kama wanavyofanya wale wanaosema kwamba walioumia wenyewe wamekwisha samehe, sisi tuna nini cha kusema. Kusamehe ni kwake. Kusema kweli ni kwetu sote.

Mafundisho ya Wakatoliki juu ya jamii yana jambo lingine linalogusa habari hii. Mwaka 1931 Papa Pius wa Kumi na Moja aliandika kwamba ni udhalimu mamlaka kubwa kulinyang'anya kundi dogo kazi ambayo linaiweza lenyewe. Sasa, mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa nchini mwetu, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vyama ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa senti zao wenyewe. Kwa kipimo kile, lilikuwa kosa dhidi ya haki, si la hesabu tu. Na ajabu ni kwamba aliyelikiri kwa uwazi kuliko wote ni Nyerere. Mwaka 1984, akiwa bado madarakani, alisema kwamba kama angeanza tena yapo mambo asingeyafanya, akayataja haya mawili. Sheria za kuvirudisha zilikwisha pitishwa mwaka 1982. Hapo twaona sehemu ile ya busara aliyoisema Tomaso, kukubali kufundishwa. Ilichelewa, lakini ni viongozi wangapi mnaowafahamu ambao wamejenga upya walichokibomoa, na kusema kwamba waliobomoa ni wao?

Zipo habari nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani, naye aliitumia. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, watu walioshukiwa mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na wengine wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye alimgusa mtu. Jambo lile lilisifiwa, na ni haki lisifiwe: mkubwa aliwajibika kwa walichofanya wadogo. Lakini mkiisha kukikubali kipimo hicho, mnakizuia wapi kisipande juu? Na je, kinafika pia kwenye mahindi ya yule mama?

Hapa Morogoro tunaye na mwingine. Edward Sokoine alikufa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, na chuo kikuu cha kilimo kilicho chini ya milima yetu kina jina lake. Watu humlilia mpaka leo kwa uadilifu wake. Walakini sheria ya mwaka 1983 juu ya wahujumu uchumi, ambayo yeye alikuwa mbele katika kuisimamia, iliwanyima washtakiwa dhamana na wakili. Twaitaja tu, tusije tukaonekana tunamwonea mmoja.

Mtasema, kwa vipimo hivi nani atapona? Swali ni la haki. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Thomas More kuwa msimamizi wa wanasiasa. Huyu ndiye Mwingereza aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu hakukubali Mfalme Henry wa Nane awe mkuu wa Kanisa, kwa hiyo sisi tuna aibu yetu katika habari hiyo. Lakini More mwenyewe alipokuwa Kansela watu walichomwa moto kwa uzushi, naye aliona ni sawa. Hata hivyo Wakatoliki humwita Mtakatifu, na Kanisa la Uingereza nalo limemwingiza katika kalenda yake. Maana yake ni kwamba utakatifu si hati ya kusafisha kumbukumbu. Anayedhani kwamba Nyerere akitangazwa Mwenye Heri basi Operesheni Vijiji nayo imetangazwa heri, amekosea. Na anayempinga kwa kuogopa hilo amekosea vilevile.

Kilicho cha lazima ni ushahidi. Kwa karne nyingi Roma ilikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta hoja za kupinga, watu wakamwita kwa utani wakili wa Shetani. Mwaka 1983 utaratibu ulibadilishwa na kazi yake ikapunguzwa, lakini sharti la kuwasikiliza mashahidi wa pande zote halikuondolewa. Desturi yetu ya kwamba marehemu hasemwi vibaya ni njema kaburini. Penye ushahidi haifai.

Katika 1 Samweli sura ya 12 mzee Samweli anasimama mbele ya Israeli yote na kuwaomba wamshuhudie. (Hata yeye wanawe walikula rushwa, someni sura ya 8.) Anauliza kama aliwahi kutwaa mnyama wa mtu au kupokea fungu la siri. Hapo ndipo sisi huwa tunaishia: hakuiba, basi ni mtu mwema. Lakini Samweli anauliza pia kama kuna aliyemdhulumu na kumwonea. Ni maswali mawili. Kwa lile la kwanza Mwalimu anasimama wima kuliko karibu viongozi wote wa bara hili. Lile la pili hawezi kujibiwa na wasomi wala na sisi waandishi wa jarida. Samweli aliwauliza watu wenyewe.

Na sisi je, tunawapima viongozi wetu kwa swali lipi? Twaogopa kwamba tuna la tatu, ambalo Samweli hakulijua: ametuchangia mabati mangapi? Mgombea anakuja katika harambee, bahasha inasomwa, makofi yanapigwa, na jina lake linabaki katika sala hadi uchaguzi. Mwalimu hakutupa bahasha. Tangu mwaka 1969 serikali yake ilizitwaa shule za misheni, za Wakatoliki wenzake na zetu pia, ili mtoto wa Kiislamu na yule asiye na dini wapate nafasi sawa. Wazee wetu walinung'unika sana. Twaamini leo kwamba katika hilo alitenda haki, na kwamba kama tungempima kwa faida ya kanisa letu tungelikosa kabisa jambo lililo bora katika maisha yake.

Tulirudi kwa yule mama kumweleza kwamba katika mashauri ya namna hii hata asiye Mkatoliki aweza kutoa ushahidi. Tukamwuliza, angeitwa, angesema nini? Alisema angeeleza habari ya nyumba kwanza, kisha ya picha, na mwandishi aandike zote mbili. Halafu akauliza nauli ya kwenda Musoma ni kiasi gani.