Ndoa Iliyovuka Mpaka



Liko swali moja linalowapasa kulifikiri wote wanaojitayarisha kupokea Ubatizo katika vijiji vya Nzilo na kando ya mto Lualaba. Mtu wa kwetu amekwenda Zambia kutafuta kazi, akaoa huko kwa desturi ya ukoo wa mwanamke. Mahari ikatolewa, wazee wakashuhudia, watoto wakazaliwa. Baada ya miaka amerudi kwao pamoja na mkewe. Hapa hakuna aliyeiona arusi yao, wala hakuna kitabu chenye majina yao. Je, hao ni mume na mke, ama ni watu wanaokaa pamoja tu? Tena, ni wajibu wa nani kulithibitisha jambo hilo?

Kwanza tukumbuke mpaka wenyewe ulivyopatikana. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II zilipatana kwamba mpaka ufuate mahali maji yanapogawanyika, haya yakielekea Kongo, na hayo Zambezi. Walunda, Waluvale na Wakaonde wakajikuta pande mbili za mstari ambao wao hawakuuchora. Baadaye kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichukua wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Kwa hiyo ndoa zinazovuka mpaka si jambo geni kwetu. Babu na bibi za wengi wetu walioana hivyo.

Sasa tutazame ndoa hufanywa na nini. Hufanywa na mapatano ya hiari ya mume na mke. Mahari haiyafanyi mapatano hayo, bali huyaonyesha. Wazee hawayaumbi, bali huyashuhudia. Wala serikali haiyazai, bali huyaandika na kuyalinda. Mambo hayo manne yana kazi zake mbalimbali, na mtu akiyachanganya hupotea. Neno la hiari lililotamkwa mbele ya mashahidi halifi kwa sababu miguu ya waliolitamka imepita nguzo ya mpaka. Mtu akikopa mbuzi ng'ambo ya pili, deni lake humfuata mpaka nyumbani. Je, mke ni mdogo kuliko mbuzi?

Kanisa nalo hufundisha vivyo hivyo. Watu wawili wasiobatizwa, wakioana kwa hiari na bila kizuizi, ni mume na mke kweli. Siku watakapobatizwa wote wawili, ndoa yao huwa Sakramenti, wala hawana haja ya kuoana mara ya pili. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba ikiwa na shaka, ndoa ihesabiwe kuwa halali mpaka kinyume chake kithibitishwe. Lakini aliyekwisha kubatizwa Mkatoliki anapaswa kufunga ndoa mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Huyo, ikiwa ameoa kwa desturi tu, asijiamulie mwenyewe, bali amwendee padri.

Hapo wengine watasema: «Kama ndoa ni ya kweli, ya nini tena karatasi? Mungu anaijua, nasi twaijua. Yatosha.» Maneno hayo yana sura nzuri, lakini tuyapime.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ya Kongo, kwa Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, huikubali ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa desturi, lakini huagiza iandikwe katika ofisi ya serikali, ambayo watu huiita etasivili. Isipoandikwa, wenyewe hawawezi kuitegemea mbele ya watu wengine. Na hati ya ndoa iliyotolewa katika nchi nyingine kwa kufuata utaratibu wa nchi hiyo huaminiwa hapa, isipokuwa imefanywa kwa hila. Basi mlango uko wazi. Lakini mlango ulio wazi haumsaidii asiyeuingia.

Fikirini kwamba mume huyo anakufa ghafula. Ndugu zake wanakuja kilioni. Kwa sheria, watoto ndio warithi wa kwanza, na mjane yumo katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Lakini akiinuka mmoja na kusema, «Huyu si mke wa ndugu yetu, ni mgeni aliyemfuata njiani,» mwanamke atamjibu nini? Wazee walioshuhudia arusi yake wako mbali. Lugha ya hapa hajaizoea vema. Shahidi wake mmoja tu alikuwa mume wake, naye amelala kaburini.

Hapo ndipo swali letu linapoonyesha uzito wake. Mume aliyerudi kwao ana ukoo, ana shamba, ana jina. Mkewe ameyaacha hayo yote kwa ajili ya neno la mwanamume mmoja. Mume akichelewa kuandikisha ndoa, huenda asiwe na nia mbaya. Lakini kuchelewa kwake hakuwadhuru wote wawili sawasawa. Hasara ni ya mke peke yake, na nafasi ya kutoka, ikiwa siku moja atachoka naye, ni ya mume peke yake. Ndiyo sababu kuandikisha si jambo la karatasi tu, ni jambo la haki. Ahadi ambayo mtu hutaka iaminiwe bila kuthibitishwa, hali anaweza kuithibitisha, ni ahadi yenye mguu mmoja nje.

Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari za Ruthu, mwanamke wa Moabu, aliyemfuata mama mkwe wake mpaka Betlehemu. Boazi alipotaka kumwoa hakusema kwamba Mungu anajua na yatosha. Aliketi penye lango la mji, akawaita wazee kumi, akalisema jambo lake mbele yao na mbele ya watu, nao wakawa mashahidi. Boazi alikuwa mtu mwenye mali na heshima, asiye na haja ya ulinzi. Lakini mgeni alikuwa na haja ya kulindwa, na Boazi alilitambua hilo.

Tuseme pia jambo lililo gumu. Pengine mtu ana mke aliyeandikwa hapa, na mwingine ameoa ng'ambo akisema kwamba huku hakujulikani. Huyo asitafute hati ya kuficha uwongo. Kutambua ndoa maana yake ni kuikiri kweli, si kuitengeneza. Hata hivyo kweli haimruhusu kumfukuza mwanamke aliyedanganywa kama mtu asiyestahili kitu. Sheria ya Kanisa, inapomtaka mwenye wake wengi abaki na mmoja baada ya Ubatizo, huagiza kwamba wanaoachwa watunzwe kwa haki na upendo. Na watoto wote ni wake.

Basi, ninyi wakatekumeni mlio katika hali hiyo, fanyeni hivi. Kabla ya kuondoka ng'ambo, ombeni hati ya ndoa, au maandishi ya wazee na baraza lililoshuhudia. Mkifika hapa, nendeni pamoja etasivili. Mwambieni padri habari zote bila kuficha kitu. Mkumbuke pia kwamba ndoa haimfanyi mke kuwa raia mara moja. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 humruhusu mgeni aliyeoana na raia kuomba uraia miaka 7 ikiisha tangu ndoa.

Nanyi ndugu za mume, msingoje siku ya msiba kusema mnachokijua leo. Anayeijua kweli ya mjane akanyamaza, ameshuhudia uwongo kwa kinywa kilichofungwa. Mwiteni shemeji leo mbele ya watu, ili kesho pasiwe na mtu wa kumwita mgeni.