Mgonjwa Mmoja ni wa Nani?

Tuseme kuna baba mmoja katika kijiji cha mbali, huko Kabambare, upande wa mto Luama. Zamani alikuwa mkulima hodari, tena mtu wa maneno ya upole. Sasa mchana husinzia tonge likiwa mkononi, na usiku usingizi hauji. Humfokea mkewe bila sababu. Tezi za shingoni zimemvimba. Majirani wengine wasema amerogwa. Wengine wasema ni uvivu tu. Katika kituo cha afya mwuguzi kijana ampa dawa ya malaria, maana homa ipo, na malaria ndiyo aionayo kila siku. Mwezi wapita, na wa pili wapita. Mwishowe mtu mmoja mwenye kuangalia vizuri asema: Huyu apelekwe hospitali Kasongo. Basi aandikiwa karatasi, aambiwa: Nenda.

Je, yule aliyemwambia “Nenda” amekwisha timiza wajibu wake? Hilo ndilo swali tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Laonekana swali dogo, lakini uhai wa watu umo ndani yake.

Dalili tulizozitaja ni za ugonjwa wa malale. Unaletwa na mbung'o, yule nzi mwenye kuuma akaaye katika vivuli vya kando ya mito, mahali pa kuteka maji na pa kufulia nguo. Vijidudu vyake hukaa kwanza katika damu na tezi, na mtu aweza kutembea navyo miezi au hata miaka akidhani ni homa tu. Baadaye huingia katika ubongo. Hapo tabia hubadilika, usingizi huharibika, na mgonjwa asiyetibiwa karibu kila mara hufa.

Jina la Kasongo limo katika habari za ugonjwa huu tangu mwanzo. Mwaka 1901, huko Gambia, daktari Mwingereza Joseph Dutton alitambua aina ya vijidudu hivyo katika damu ya mgonjwa. Baada ya miaka michache alisafiri Kongo kuuchunguza ugonjwa zaidi, naye alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza. Umri wake ulikuwa miaka 30.

Baadaye wakati wa Wabelgiji timu za waganga zilizunguka kijiji hata kijiji. Watu walikusanywa kwa amri, wakapapaswa shingo, wakachomwa sindano. Njia ile ilikuwa na ukali mwingi, na wazee wengi hawakuisahau. Lakini ugonjwa ulipungua. Kabla ya uhuru walioandikwa katika nchi nzima walikuwa kidogo zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Halafu zikaja fujo, timu zikakosa fedha na magari, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1998 peke yake waliandikwa wagonjwa wapya zaidi ya 26,000 katika Kongo yetu. Kazi ikaanzwa tena kwa bidii, na tangu mwaka 2018 wagonjwa wapya wanaoandikwa Afrika nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka. Walio wengi kati yao ni wa nchi yetu.

Tumshukuru Mungu. Lakini hapo ndipo taabu nyingine inapoanza. Ugonjwa ukiwa wa wengi, watu wote waijua njia yake: wapi pa kupimwa, nani mwenye dawa, dalili ni zipi. Ugonjwa ukiwa wa wachache, njia ile huota majani. Mwuguzi aliyemaliza shule juzi pengine hajamwona mgonjwa wa malale hata mmoja. Mzee aliyezijua dalili amekufa. Mgonjwa aliye peke yake hana wenzake wa kumwonyesha pa kupita.

Tuhesabu milango anayopaswa kuipita yule baba wa Kabambare. Wa kwanza ni jamaa zake, wakubali kwamba ni ugonjwa, wala si uchawi. Wa pili ni kituo cha afya, apimwe damu ya kidole. Wa tatu ni mahali penye hadubini, pa kuhakikisha kwamba vijidudu vimo kweli. Ikiwa dalili za kichwa ni kali, yapasa kuchukua maji ya uti wa mgongo. Wa nne ni dawa yenyewe. Haiuzwi dukani, hutolewa bure kupitia Shirika la Afya la Ulimwengu na watu wa serikali wanaosimamia ugonjwa huu. Wa tano ni kuangaliwa baada ya kupona, pengine hata miezi 24, ili ijulikane kama ugonjwa haukurudi. Na katikati ya mlango na mlango kuna matope, madaraja yaliyovunjika, nauli ya pikipiki, na siku nyingine watu wenye silaha njiani.

Sasa angalieni jambo hili. Katika kila mlango mtu aweza kufanya kazi yake vizuri, na mgonjwa akafa vilevile. Mwuguzi aliandika karatasi, ni kweli. Hospitali ilikuwa wazi, ni kweli. Dawa ilikuwako nchini, ni kweli. Lakini mgonjwa alirudi nyumbani toka nusu ya njia, kwa kuwa fedha zilikwisha, na hakuna aliyeuliza kama alifika. Ukimtafuta mwenye kosa, humpati. Kila mmoja atakuonyesha sehemu yake aliyoifanya.

Wazee wetu walijua kuchukua mgonjwa kwa tipoyi. Safari ikiwa ndefu, wachukuzi walibadilishana. Lakini hakuna aliyetoa bega lake kabla bega la mwenzake halijaingia chini ya mti. Angefanya hivyo, mgonjwa angeanguka, naye asingeweza kujitetea akisema: Mimi nilichukua vizuri mpaka hapa. Twaona kwamba sheria ya tipoyi ndiyo jibu la swali letu. Kumtuma mgonjwa si kumfikisha. Wajibu wangu hauishi pale ninapomwacha, ila pale mwenzangu anapompokea, nami nikajua kwamba amempokea.

Watu wengine watapinga, nasi hatuna budi kuwasikiliza.

Wa kwanza atasema: Mwuguzi wa kijijini yuko peke yake, wagonjwa ni wengi, mshahara wachelewa, mwamtwika mzigo mwingine? Neno hili ni la haki. Ndiyo maana hatusemi kwamba mzigo ni wa mwuguzi peke yake. Twasema uwe na mabega mengi. Mwenye kulaumu bila kutoa bega afadhali anyamaze.

Wa pili atasema: Malaria na surua zaua watoto wengi. Ni akili gani kutumia nguvu kwa mtu mmoja mwenye ugonjwa wa nadra? Hapa twajibu mara mbili. Kwanza, tukumbuke yaliyotokea baada ya uhuru. Wale wagonjwa wachache wa mwisho walipoachwa, mbung'o aliwauma wao, kisha akawauma majirani, na wachache wakawa maelfu. Lakini jibu hili halitoshi, nasi hatupendi kulitegemea peke yake. Kwa maana kuna magonjwa ya nadra yasiyoambukiza. Mtoto aliyezaliwa na kichwa kinachojaa maji hatamwambukiza mtu. Je, yeye tumwache? Kwa hiyo jibu la pili ndilo kubwa: mgonjwa ana haki kwa sababu ni mtu. Kuwa mmoja si kosa lake, wala hakuchagua ugonjwa usio na wenzake. Aliye katika wengi husaidiwa na wingi wao. Aliye peke yake hana kitu ila dhamiri zetu. Mchungaji aliyemfuata kondoo mmoja hakuwadharau wale tisini na tisa. Aliwafundisha kwamba hata wao, siku yao ikifika, watatafutwa.

Wa tatu atasema: Hiyo ni kazi ya serikali na ya wageni wenye fedha. Serikali ina wajibu wake mkubwa, nasi tuudai. Lakini kwa karatasi tu tipoyi haichukuliki.

Tena si jambo lisilowezekana, wala si geni kwetu. Kuanzia mwaka 1971 waganga wa Kongo pamoja na wenzao wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi Kasongo kwa nia ya kuunganisha vituo vya afya na hospitali viwe kitu kimoja. Walitaka kituo kiwajue watu wake, na hospitali ikisaidie kituo badala ya kushindana nacho. Mambo waliyojifunza Kasongo yalisomwa mbali, na yalisaidia kuonyesha njia ya maeneo ya afya ambayo nchi yetu inayafuata. Leo maeneo hayo ni 519, na Kasongo na Kabambare yamo.

Mfano mwingine uko karibu nasi, huko Tunda katika wilaya ya Kibombo, mkoa wetu huuhuu wa Maniema. Huko, pamoja na Kole katika Sankuru, tangu mwaka 2022 dawa moja ilijaribiwa kwa wagonjwa 597 wa ndui ya nyani. Mwaka 2024 matokeo yalitangazwa: dawa haikuponya vidonda upesi kuliko kidonge kisicho na dawa. Lakini jambo moja liliwashangaza wengi. Katika makundi yote mawili walikufa chini ya 2 katika kila 100, yaani wachache kuliko waliokufa kwa ugonjwa huo katika nchi kwa jumla. Walikuwa wamelazwa, wakalishwa, wakanyweshwa, wakaangaliwa kila siku. Kutunzwa kwenyewe kulikuwa na nguvu ambayo dawa ile haikuwa nayo.

Na kwa malale, chakula kimeingia katika dawa yenyewe. Zamani dawa ya malale iliyofika ubongoni ilitengenezwa kwa arseniki, nayo iliua kama 5 katika kila 100 ya waliotibiwa. Kisha ikaja ile ya kutiwa mshipani siku 7 pamoja na vidonge. Bado hutumika kwa wenye hali nzito. Tangu mwaka 2018 kuna vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa katika nchi yetu wenyewe na Afrika ya Kati. Wengi wa wagonjwa, isipokuwa watoto wadogo, huvimeza mara moja kwa siku, siku 10, mbele ya mwuguzi. Lakini havifanyi kazi vizuri katika tumbo tupu. Ni lazima mgonjwa awe amekula.

Basi fikirini. Vidonge vimetoka ng'ambo, vimevuka bahari, vimefika Maniema, navyo ni bure. Lakini yule baba ametoka Kabambare, hana ndugu Kasongo, na hospitali zetu nyingi hazipiki chakula. Kitu kinachokosekana ni sahani ya wali na sombe, kwa siku 10. Je, sahani hiyo itatoka Geneva?

Hapo ndipo tunapoona kwamba swali la “ni wa nani?” latuhusu sisi sote. Yule Msamaria hakumaliza kazi yake njiani kwa kufunga vidonda. Alimpandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akalipa, akaahidi kurudi kuuliza. Alibadilisha bega, lakini hakulitoa kabla ya wakati.

Twaomba mambo machache tu. Katika kila parokia, jumuiya na ijue kituo gani kinapima malale, na ni nani wa kuitwa. Mtu akitumwa Kasongo, mmoja aende naye, au apelekewe habari mtu wa kumpokea huko. Mama wa parokia ya mjini wagawane siku za kumpikia mgonjwa wa mbali. Na akirudi nyumbani, asichekwe kwa yale aliyoyasema ubongo wake ulipokuwa unaumwa. Bali akumbushwe siku yake ya kurudi kupimwa. Mwuguzi naye aandike karatasi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudisha jibu. Jibu lisiporudi, aulize.

Kazi hizi hazina sifa. Mpika sombe hataandikwa katika habari za ugonjwa kama Dutton. Lakini siku ya kumi, yule baba akimeza kidonge cha mwisho, na jioni ile akaongea na mkewe kwa upole kama zamani, hatakuwa na haja ya kuuliza yeye ni wa nani.