Pikipiki Haina Roho

Mwaka 1969 kampuni ya Honda iliingiza sokoni CB750 Four: silinda nne zilizopangwa safu moja kukingama fremu, injini ya sisi 736, breki ya diski kwenye gurudumu la mbele, starta ya umeme, na mabomba manne ya moshi, kila silinda na lake. Marekani iliuzwa dola 1,495, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuidunduliza. Leo mtu akiipata, mara nyingi haiachi kama ilivyo. Hutoa usukani ulioinuka na kuweka vipini vifupi vinavyomlaza dereva juu ya tangi. Huondoa mabomba manne na kufunga moja linalokusanya moshi wa silinda zote. Hubadilisha siti, shokapu, taa na kabureta. Akiwa mwangalifu, kila kilichotoka hukipaka mafuta, hukifunga kitambaa, hukiandika jina na kukiweka sandukuni. Ukimuuliza anahifadhi nini, atakujibu kwamba anahifadhi pikipiki yenyewe, ile halisi. Jibu hilo naliona si sahihi, ingawa anachokifanya ni chema, na hoja yangu yote hapa ni kuhusu wema huo unakaa wapi.

Fumbo lenyewe ni la kale. Plutarch anasimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ileile, wale wakisema siyo. Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, akalikoroga zaidi: je, kama kuna mtu aliyeziokota mbao zote kuukuu na kuziunga upya kwa mpangilio wa awali? Merikebu zitakuwa mbili, na haziwezi zote mbili kuwa ile moja. Kwa wanafunzi wa falsafa hilo ni zoezi la akili. Kwa mwenye CB750 ni jambo la gereji: merikebu ya kwanza iko barabarani, ya pili imo sandukuni vipande vipande. Ila kwake mgawanyo haulingani, maana fremu na injini, sehemu zenye namba, zimebaki barabarani, na serikali humaliza ubishi kwa namba hizo. Hati ya usajili wa pikipiki, Tanzania na Kenya, hubeba namba ya chasisi na ya injini. Uingereza nako, katika kupima chombo kilichofumuliwa sana, fremu imekuwa ikipewa uzito kuliko injini. Lakini namba hujibu swali la polisi na la forodha, kwamba chombo hiki ni cha nani na kiliingiaje nchini. Hazimsaidii anayeuliza kama kilicho mbele yake ni kilekile kilichotoka kiwandani.

Abu Hamid al-Ghazali alikutana na swali la jamii hii mahali pazito zaidi. Katika suala la mwisho kati ya masuala ishirini ya kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, anawajibu waliokanusha ufufuo wa miili kwa hoja kwamba mwili uliokwisha kuwa udongo hauwezi kurudi ukiwa uleule. Mojawapo ya majibu yake ni kwamba mtu ni yeye kwa nafsi yake, si kwa nyama yake: tangu utoto hadi uzee chakula humbadilisha viungo, akakonda na kunenepa, naye amebaki yeye. Karibu miaka mia sita baadaye John Locke alishika njia nyingine. Mwaloni, alisema, ni uleule kwa sababu uhai mmoja unaendelea ndani yake, majani na matawi yakipukutika na kuota. Na mtu ni yuleyule kwa ufahamu wake. Wawili hao wangebishana juu ya mengi, ila wote wanatafuta kitu cha ndani kinachokishikilia chote kisisambaratike wakati maada inapita. Pikipiki haina kitu hicho. Haina nafsi, haina uhai, haijikumbuki. Wapenzi wa mashine husema injini ina roho, na silinda nne zikipandisha sauti mtu hushawishika kweli, lakini hayo ni maneno ya mahaba. Tukiyachukua kama hoja, tutaishia kuitafuta roho hiyo ndani ya sailensa.

Basi kinachoifanya pikipiki iwe moja kwa zaidi ya miaka hamsini ni nini? Naona ni watu wanaoishuhudia: kumbukumbu zao, risiti zao, picha zao, na zaidi ya yote vipande wanavyoweza kuviweka mezani vikakaguliwa. Umoja wake ni umoja wa ushahidi. Vilivyomo sandukuni, kwa hiyo, si pikipiki halisi iliyolala ikisubiri kuamshwa. Ni mashahidi, na kazi yao ni kumwezesha mtu mwingine kusema kweli juu ya chombo hiki. Uhalisi wenyewe, ukiutazama kwa karibu, hata hautulii mahali pamoja. CB750 za mwanzo, takriban elfu saba, zina kasha la injini lenye uso wa kukwaruza, kwa sababu Honda haikuwa na hakika na soko. Ilikadiria kuuza 1,500 kwa mwaka, ikasita kugharamia kalibu ghali za kusubu kwa shinikizo. Maombi yakamiminika hata kadirio la mwaka likawa la mwezi, kalibu mpya zikanunuliwa, uso ukawa laini. Siku hizi wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa ajili ya ule mkwaruzo. Wanachonunua, kwa kweli, ni wasiwasi wa wahasibu. Zaidi ya hapo, kila pikipiki inayotembea hujila yenyewe. Tairi, cheni, plagi na pedi za breki havikuundwa vidumu, na anayeendesha kwa tairi za mwaka 1969 kwa kuheshimu uhalisi anajitafutia jeneza.

Kama hoja ya ushahidi inasimama, tofauti kubwa haiko kati ya anayebadilisha na asiyebadilisha. Iko kati ya spana na grainda. Wanaotaka umbo la pikipiki za mashindano za zamani mara nyingi huukata mkia wa fremu nyuma ya shokapu, kisha huchomelea bomba lililopindwa ili siti fupi yenye nundu ikae barabara. Bolti iliyofunguliwa leo itafungwa kesho. Fremu iliyokatwa, hata ikirudishiwa mkia na fundi hodari, imepokea moto, ina mshono, na vipimo vyake havithibitishi tena chochote juu ya kiwanda. Usukani mfupi uliofungwa kwa bolti unamwachia mmiliki wa kesho uamuzi; msumeno umemwamulia. Wahifadhi wa majengo na wa michoro wana kanuni inayofanana na hii, kwamba kazi ya mikono yao iwe ya aina inayoweza kutenguliwa na watakaokuja wakijua zaidi. Sioni kwa nini mwenye pikipiki asiikope.

Mtu atasema: pikipiki ni yangu, nimeilipia, nikitaka kuikata niikate. Kisheria ana haki, wala sipendekezi sheria imzuie. Lakini haki ya kukata haijibu swali la kama inafaa kukata. Uislamu na Ukristo, vyote viwili, vinafundisha kwamba mwenye mali ni mwangalizi wa kilicho mikononi mwake kwa muda, na fundisho hilo halihitaji kitu kiwe kitakatifu ndipo litumike. Pingamizi lenye nguvu kuliko hilo ni la wingi: CB750 zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu, dunia itapungukiwa nini fremu moja ikikatwa? Nakubali kwamba uzito wa wajibu hulingana na uhaba, na kwamba fremu ya miaka ya mwisho ya toleo lile si sawa na ile yenye injini ya mkwaruzo. Tatizo ni kwamba uhaba hautoi taarifa. Katika miaka ya 1970 wamiliki wa Marekani waliyatupa mabomba manne kwa furaha, kwa sababu bomba moja lilikuwa jepesi, lilinguruma vizuri, na lilinukia mashindano. Dick Mann alikuwa ameshinda Daytona 200 mwaka 1970 akiwa juu ya Honda iliyozaliwa na CB750. Yale ambayo hayakutupwa yaliozea kwa ndani, kwani maji yanayotokana na mwako hutuama humo safari zikiwa fupi. Takataka ya wakati ule ndiyo sasa inayosakwa, na seti kamili ya awali inaweza kugharimu kuliko mtu alivyotarajia kulipia pikipiki nzima. Aliyeitupa hakuwa mpumbavu. Hakujua tu, kama sisi tusivyojua ni kipi tunachokidharau leo.

Pingamizi linalofuata linanipa shida zaidi. Kama vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960, wale waliojazana Ace Cafe kando ya North Circular, wangefuata ushauri huu, je, Triton ingezaliwa? Triton ni fremu ya Norton, ile ya Featherbed iliyobuniwa na Rex McCandless na kutumiwa kwenye mashindano ya Isle of Man mwaka 1950, iliyotiwa injini ya Triumph. Norton ilisifika kwa kukata kona, Triumph kwa injini nyepesi na rahisi kuikoleza. Tena baadhi ya fremu hizo zilipatikana kwa sababu watengenezaji wa magari madogo ya mashindano ya sisi 500 walizitaka injini za Norton Manx, wakanunua pikipiki nzima, wakachomoa injini na kubaki na fremu tupu. Hapo uhalisi ulivunjwa mara mbili, na kilichozaliwa kinaheshimiwa hadi leo kwa jina lake. Hata hivyo tazama jinsi kilivyozaliwa. Injini ya Triumph ilishikwa ndani ya fremu ya Norton kwa mabamba ya alumini yaliyochongwa kwa kazi hiyo na kufungwa kwa bolti. Ubunifu wote ulikuwa ndani ya mabamba yale. Sisemi hakuna aliyewahi kukata fremu. Nasema ufundi ulioipa Triton jina haukulazimika kuharibu kile ulichokikuta. Anayedai kwamba ubunifu hauwezekani bila msumeno anausingizia ubunifu uvivu wa fundi.

Triton inanilazimisha pia kuipanua hoja, kwa sababu sasa kuna kishawishi cha kinyume: kuichambua Triton ya enzi zile ili kupata Norton moja na Triumph moja, zote "halisi". Huko nako ni kumnyamazisha shahidi. Hati ya Venice ya mwaka 1964, inayoongoza wahifadhi wa majengo ya kale, inasema michango halali ya vipindi vyote vya jengo iheshimiwe, kwa kuwa umoja wa mtindo si lengo la urejeshaji. Bomba moja lililofungwa kwenye CB750 mwaka 1973 na kijana aliyeota Daytona limekwisha kuwa sehemu ya maisha ya pikipiki ile. Anayelitoa ili arudishe manne aliweke sandukuni kwa uangalifu uleule.

Yupo atakayenipeleka Ise, Japani, nchi ileile iliyotoa Honda. Hekalu la huko hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013, kwa mbao mpya kabisa, na waumini hawaoni kwamba limekoma kuwa lile. Kwa nini basi kubabaika na vyuma vikuukuu? Sababu ya kwanza ni kwamba Ise hakuna anayedanganywa. Ujenzi hufanywa hadharani, mwaka wake unajulikana, na hakuna anayeuza ubao mpya kwa jina la kuukuu, wakati soko la pikipiki za kale limejaa vipande vya kuigiza na hata namba zilizogongwa upya. Ya pili inapendeza zaidi: mbao kuukuu hazitupwi. Nguzo kuu husimamishwa tena kama malango ya daraja la Uji, na nyingine hupelekwa mahekalu mengine. Hata pale maada inapohesabiwa kuwa ya kupita, hutunzwa, na hujulikana ilikotoka.

Linabaki pingamizi la waliochoka na unafiki: kwamba sanduku ni kisingizio cha bei, na mwenyewe anahifadhi mabomba ili auze vizuri. Huenda. Kwa dereva wa bodaboda, spea ya awali ikishatoka huuzwa jioni ileile, na sithubutu kumlaumu, maana pikipiki yake ni chakula cha watoto. Kwa mwenye CB750 ya kujifurahisha kipimo ni kikali zaidi, na nia yake haitapimwa na jinsi alivyofunga vitambaa bali siku ya kuuza. Ataambiwa na madalali kwamba pikipiki peke yake na mabomba peke yake vitaleta fedha zaidi kuliko vikienda pamoja, na mara nyingi watakuwa wanasema kweli. Akivitenganisha, mbao za Hobbes zimesambaa, na miaka yote ya mafuta na vitambaa ilikuwa biashara ya ghala. Vikienda pamoja, mnunuzi anapokea pikipiki na uamuzi ambao haujafungwa. Mnunuzi wa namna hiyo aulize mabomba manne yako wapi kabla hajauliza bei.