Jina Jema na Daftari la Mkopeshaji

Katika nchi yetu ya Bukoba na Muleba mtu huitwa mwaminifu na wale wamjuao: jirani aliyemwazima jembe, mwenye duka aliyemwandikia sukari, wazee wa ukoo. Lakini siku hizi liko na daftari jingine, liandikwalo na watu wasiopata kumwona uso. Mashahidi hawa wawili wakipingana, tumsadiki yupi? Nauliza kwa kuwa mshitakiwa nalikuwa mimi mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, mama mmoja mjane, mkulima wa kahawa, alikuja kwangu. Mtoto wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada katika shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare, madaftari na godoro havikuondolewa. Na kahawa yetu huanza kuchumwa yapata mwezi wa Mei. Akataka kukopa shilingi 200,000, naye akahitaji mdhamini. Nikaenda naye kwa moyo mkunjufu, nikidhani ya kuwa kola yangu yatosha kuwa rehani. Karani akatazama, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, mama hana doa. Wewe ndiwe unayedaiwa."

Nalikasirika. Kisha nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma nalikopa shilingi 7,000 kwa simu. Laini ile ikapotea, nikanunua nyingine, na deni nikalisahau.

Yafaa wasomaji wajue jinsi jambo hili linavyotendeka. Mwaka 2012 zilitolewa kanuni chini ya Benki Kuu ya Tanzania, ili habari za wakopaji zikusanywe mahali pamoja. Ofisi zenye leseni huzitazama habari hizo na kumpa mtu alama: je, hulipa kwa siku yake? Anadaiwa kiasi gani? Ameomba mara ngapi? Nayo mikopo ya simu, kama M-Pawa iliyoanza 2014, hutazama hata namna mtu atumiavyo simu yake.

Mtu wa mjini aweza kuweka nyumba rehani. Sisi tuna vibanja, lakini ndani yake yamo makaburi ya baba zetu. Ukoo gani utakubali kipigwe mnada? Tena vingi havina hati. Basi rehani ya mkulima ni kule kulipa kwake kwa zamani. Akiikosa, yuko amngojeaye njiani: mnunuzi wa butura, atoaye fedha kahawa ingali changa mtini, kwa bei aipendayo mwenyewe. Serikali imelikataza jambo hilo, lakini mwenye shida huja usiku kwa mlango wa nyuma.

Mama yule hakupata mdhamini mwingine kwa wakati. Akauza butura miti ya upande mmoja wa kibanja chake. Wakati wa mavuno magunia yale yalipita mbele ya nyumba yangu. Nikafanya hesabu ya hasara yake; sitaiandika hapa.

Mtu atasema, daftari hilo halina huruma, haliulizi kama aliyechelewa alipatwa na msiba, au migomba yake ilikauka kwa mnyauko. Ni kweli. Lajua tendo, halijui sababu. Tena mtu aweza kulipa benki kwa siku yake huku akimdhulumu kibarua wake shambani, na alama yake ikabaki njema. Kwa hiyo asiye na alama nzuri asihesabiwe mwovu. Nalo likikosea, mtu anayo haki ya kuomba kuona habari zake na kudai zisahihishwe. Lakini katika neno langu halikukosea. Watu walinisifu kwa kuwa hawakujua, daftari lilijua. Na lililoniuma si aibu yangu mbele ya karani, bali ya kuwa deni langu dogo alililipa mwingine kwa kahawa yake.

Nimekwisha kulipa shilingi zile 7,000 pamoja na nyongeza yake. Januari hii mama alikuja tena, akaniuliza pasipo kuzunguka, "Baba, jina lako limesafika?" Nikampa karatasi. Akaisoma yote mstari kwa mstari, akaikunja, akachukua mwavuli wake, akasema, "Haya, twende."