Mlango Ufungukao Sebuleni

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi hapa Mutoyi, mkoani Gitega, ni za matofali na mabati, na mlango wake wa mbele hufunguka moja kwa moja sebuleni. Hakuna ukumbi wala ujia. Avukaye kizingiti amekwisha kuwa katikati ya maisha ya wenye nyumba: mtoto aandikaye kazi ya shule, sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, mgonjwa aliyelala mkekani. Basi suala la kupamba mahali hapo, ambalo wengi hulidhania kuwa la vitambaa na maua ya plastiki tu, kwa hakika ni suala la wajibu. Pambo la mlangoni ni haki ya nani?

Wazee wetu hawakuwa na taabu hiyo. Rugo, yaani boma la Kirundi, lilizungushiwa ua, na mgeni alisimama kwanza kwenye irembo, lango la ua huo, kabla ya kuufikia mlango wa nyumba. Waswahili wa Lamu nao, katika nyumba zao za mawe za karne ya 18, walijenga daka lenye baraza pande mbili, na nyuma yake njia iliyopinda ili jicho la mpita njia lisifike uani. Tena zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa kwa ustadi mkubwa, viliwekwa katika vyumba vya ndani kabisa, mbali na mlango. Wa Zanzibar, ni kweli, waliichonga milango yenyewe kwa fahari. Lakini mlango uliochongwa hupendeza hata ukiwa umefungwa.

Sisi tusio na daka tumegeuza mambo. Ukuta unaoukabili mlango ndio unaobebeshwa kila kitu: kabati ya vioo, picha ya arusi, kalenda, vikapu vya agaseke vyenye mifuniko iliyochongoka. Ukuta huo unasemezana na mpita njia ambaye hata hodi hajapiga. Mgeni halisi, akisha kukaribishwa, huketishwa chini ya mapambo hayo, akayapa mgongo, na kwa muda wa saa nzima hutazama ukuta wa mlango, ambao ni mtupu, una misumari ya makoti na alama za mikono ya watoto. Huo ndio ukuta wanaoutazama wenye nyumba pia kila jioni. Ningekuwa na kitu kizuri kimoja tu, hapo ndipo ningekitundika.

Kisha lipo pazia. Wanaolisifu husema ndilo daka la maskini, nami nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa: stara si anasa, na mgonjwa hastahili kutazamwa na kila apitaye na baiskeli. Lakini wapo wanaolichukia, na hoja yao si nyepesi. Mlango ukiwa wazi, akukutaye unakula huna budi kumkaribisha. Pazia humpa mwenye chakula nafasi ya kukificha. Vilima vyetu vina watu wengi na mashamba madogo, na katika miezi ya kungojea mavuno bakuli moja la maharage si jambo dogo kwa yeyote, awe upande huu wa kitambaa au upande ule.

Pazia lenyewe haliwezi kuamua. Kiamuacho ni muda upitao kati ya "Hodi!" na "Karibu!" Wanafunzi hudhani hodi ni salamu, na yafaa tuwasahihishe: hodi ni ombi, na mwombaji hungoja. Muda wa kumfunika mgonjwa shuka ni halali. Muda wa kuondoa sahani si halali, ingawa simlaumu upesi mama mwenye watoto sita na sahani mbili.

Kwa sababu hiyo pambo la kwanza ningeliweka nje: ubao wa kukalia chini ya upenu wa mabati, ili angojaye jibu asisimame juani kama mdai. Seremala yeyote wa kilimani anaweza kuutengeneza kwa siku moja.