Wapwa Zangu, Chemchemi Haigawiwi

Wapwa zangu, nimesikia mnavyowacheka wazee wanaokataza jembe lisifike kwenye chanzo cha maji kwa sababu ya mzimu. Nendeni msikitini, nendeni kanisani, siwagombezi. Hata mimi nasali. Ila msiukate mkuyu wa chemchemi ili tu mwonekane hamwogopi.

Mababu waliamini kuwa Kolelo, yule nyoka wa pangoni, ndiye mwenye mvua. Ukame ulipowabana Wazaramo kule pwani, wazee wao walifunga safari hadi huku Uluguru kumwomba. Leo Dar es Salaam, mji uliokulia juu ya ardhi ya Wazaramo haohao, unapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Ruvu, na Ruvu unaanzia kwenye misitu yetu. Mto ulipopungua mwaka 2022, watu wa mjini waliingia kwenye mgao, wakahangaika na madumu. Wazee wale walijua maji yao yanatoka wapi. Wangapi wanaofungua bomba leo wanajua?

Sisi tulikatazwa kuchota chemchemini kwa sufuria lenye masizi. Tulikatazwa kukata mti wa ukingoni. Hata ukuni uliodondoka wenyewe hatukuuokota. Askari hakuwepo, na mwiko ulishikwa. Sasa sheria inataka shughuli zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri, naiunga mkono, lakini teremkeni mkaone maharage yamepandwa wapi. Mvua moja ya masika ikipiga pale, udongo wote unaondoka na maji yanakuwa kama chai ya maziwa.

Amri tupu huku kwetu haijawahi kushika. Wakoloni walitulazimisha kuchimba matuta ya ngazi, wakidai wanaokoa udongo. Mwaka 1955 kule Matombo watu walichoka, zikazuka ghasia. Udongo tuliupenda kabla yao. Kilichotuudhi ni kusukumwa na mtu asiyeuliza hata mwenye chanzo ni nani.

Ukoo ukikutana kugawa mashamba ya mama zenu, semeni mapema, kabla kamba haijavutwa, kwamba chemchemi na miti yake haigawiwi. Anayemheshimu Kolelo aseme hivyo, anayeshika sheria naye aseme lake, ilimradi mpaka uwe mmoja na kila mtu aujue. Na wewe uliyekwisha kupanda pale, vuna maharage yako, msimu ujao usirudi.