Ushujaa wa Rumaliza

Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi, alijulikana bara kwa lakabu ya Rumaliza, yaani amalizaye kabisa. Lakabu hiyo yaweza kusomwa kuwa ni sifa au kuwa ni kilio. Inategemea msomaji asimame upande upi wa bunduki.

Alipanda bara kwa njia ya pembe, akashirikiana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, na katika miaka ya 1880 akaifanya Ujiji kuwa makao yake. Mwinyi Kheri alipofariki mwaka 1885, hapana aliyemzidi nguvu mwambao ule wa Tanganyika. Majahazi yake yalivuka ziwa, na watu wake wakateka ng'ambo pembe na binadamu. Burundi tu ilimshinda: Mwami Mwezi Gisabo alimrudisha alikotoka.

Vita vilivyompa jina la jemadari vilikuja baadaye. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga boma ng'ambo ya ziwa akaliita Albertville, na mwaka uliofuata watu wa Rumaliza wakalizingira. Mwaka 1893 majeshi ya Dola ya Kongo, chini ya Dhanis, yaliteka Nyangwe na Kasongo, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa. Rumaliza angeweza kubaki Ujiji, ziwa likawa handaki lake. Hakubaki. Alivuka na jeshi, akajenga maboma, akapigana hata Ponthier, kamanda wa Kibelgiji, akafa kwa majeraha. Januari 1894 kombora liliwasha moto ndani ya boma lake. Boma likaanguka, mwenyewe akaponyoka hadi nchi iliyoshikwa na Wajerumani.

Je, huyu ni shujaa? Wako wajibuo haraka kuwa ndiye, maana alimpinga mkoloni, na mkoloni yule hakuwa mdogo. Mfalme Leopold aliivamia Kongo kwa kisingizio cha kuuondoa utumwa, kisha akakamua mpira kwa mijeledi na risasi. Dhanis naye alizawadiwa ubaroni. Lakini uovu wa adui haumtakasi mtu. Upepo hujaza tanga bila ya kumuuliza nahodha amepakia nini, na ushujaa ni hivyo hivyo: ni nguvu ya kwendea, wala hausemi shehena ni halali au haramu. Shehena ya Rumaliza yajulikana.

Hapo huletwa udhuru wa zama: utumwa ulikuwa ada, na kila mkubwa aliufanya. Udhuru huu huwahesabu wakubwa peke yao. Zama zile zilikuwa na watu wengine pia, waliohama vijiji vyao wakakimbilia milimani kwa kuogopa misafara. Hawakungoja vizazi vya baadaye viwaambie kuwa ni dhuluma. Hata jeshi la Dhanis lilijaa watu wa Ngongo Lutete, aliyewahi kumtumikia Tippu Tip, akageuka 1892, na mabwana wake wapya wakamwua kwa risasi 1893. Mwenye kutafuta upande safi katika vita vile atatafuta sana.

Linabaki moja la kumsifia, nalo si dogo: kwamba aliwaendea wenzake walipokuwa wanashindwa. Huo ni uaminifu, ingawa ni uaminifu wa washirika. Ujiji ya leo, ambayo wengi wa watu wake hunasibika na Wamanyema, imerithi yote mawili, dini na lugha iliyokuja na misafara, na kumbukumbu ya waliotembezwa kwa nguvu. Mjukuu habebi dhambi ya babu. Lakini akitaka fahari ya babu, daftari nalo ni lake.

Na daftari lilifunguliwa. Baada ya vita, Rumaliza alimshtaki Tippu Tip katika mahakama ya Wajerumani, akidai haki yake katika ushirika wao, naye akashinda. Palihojiwa mali ya nani, na deni la nani. Waliozichukua pembe zile mabegani hadi pwani hawakuitwa barazani kudai chao.